Nani Alilipa Chai ya Shuanghe

Hankou, 2 Mei 1936

Baba mdogo,

Salamu zitakuja baadaye, unisamehe. Tarehe nane Aprili, asubuhi, ndani ya nyumba ya chai ya Shuanghe, mbele ya watu ishirini na mmoja, nilipoteza nyumba ya marehemu baba yangu. Niliipoteza nikiwa nacheka. Nilipotoka niliwashukuru wote kwa ukarimu wao, nikainama hadi kiunoni, nikapanda machela nikaenda zangu.

Sasa salamu. Hapa Hankou hatujambo. Mashine zangu za kufuma soksi zimefika tisa, na zote zinazunguka. Mjukuu wako Wenxiu amemaliza masomo ya ukunga, anangoja kuitwa kazini, na kwa sasa kazi yake ni kunikosoa. Mama anakohoa alfajiri lakini anakula. Anamsalimu sana mama mdogo, na anauliza kama mchungwa wa uani bado unazaa. Sijamwambia lolote. Kila siku ananiuliza, "Ni lini?" Nami namjibu, "Mto umejaa, mama, ngoja upungue."

Nilikuja kwenu kwa jambo moja, na wewe ulilijua kabla sijafika, maana nilikuandikia baada tu ya mwaka mpya. Mama ana miaka sitini na minane. Anataka kurudi kwenye nyumba aliyoolewa, akae chumbani kwake, awe karibu na kaburi la mumewe. Mashamba sikuyataja, na mchele wenu siutaki. Nilitaka chumba kimoja na mlango wake.

Tulisafisha kaburi pamoja, tukamchomea marehemu karatasi za sadaka, wewe ukalia na mimi nikalia. Siku ya tatu, wakati wa chakula cha jioni, nikaligusa lile jambo. Ukaweka vijiti chini ukasema, "Hayo si maneno ya kusemwa juu ya wali, mwanangu. Kesho twende tukanywe chai."

Mimi nikafurahi! Niliondoka Sichuan nikiwa na miaka minane, mkono mmoja nimeshika nguo ya mama. Nyumba za chai za kwetu nazijua kwa kusimuliwa tu. Nikavaa koti langu jipya. Nikajiambia, baba mdogo ananitembeza.

Tukaketi karibu na mlango, meza mbili zimeunganishwa. Nikaona ajabu, kwa nini tukae kwenye upepo wakati ndani kuna nafasi, lakini mgeni hachagui kiti. Viti vya mianzi, vikombe vyenye kisahani chini na mfuniko juu. Yule mhudumu, Xiong Kipara, akaja na vikombe vimepangwa mkononi hadi kwenye kiwiko, akavimwaga mezani kama anayegawa karata, kisha akamimina maji kutoka birika la mdomo mrefu akiwa amesimama nyuma yangu. Hakuna tone lililonigusa. Mimi nikauegemeza mfuniko wangu kwenye kisahani ili chai ipoe. Akanijazia. Nikanywa kidogo. Akanijazia. Mwishowe nikamwambia, "Kaka, inatosha, nitapasuka!" Meza nzima ikacheka. "Funika kikombe, dada wa Hankou! Ukikiacha wazi unamwita!" Nami nikacheka nao. Nilidhani hilo ndilo kosa langu la siku hiyo.

Na kila aliyeingia, mlipigiana kelele. "Chai yake juu yangu!" "Thubutu, chai yake juu yangu mimi!" Hata yule msafisha masikio alipaziwa sauti na watu watatu. Nikaona, hawa ndugu zangu ni wakarimu kupita kiasi.

Kisha Mzee Gan, yule mkubwa wa meza. Alikuwa amejilaza kwenye kiti, macho amefumba, msafisha masikio amemwingiza kijiti sikioni. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Binti, mama yako aliondoka kwa hiari yake au alifukuzwa?"

Nikasema, "Kwa hiari yake, mzee." Ndivyo nijuavyo.

"Na tangu hapo nyumba imetunzwa na nani?"

"Na baba mdogo."

"Paa lilipovuja?"

"Baba mdogo, bila shaka."

"Ehe," akasema, na akageuza sikio la pili.

Nilidhani mzee anapiga soga na mgeni. Hakimu gani anasikiliza kesi huku sikio lina kijiti? Kumbe nilikuwa natoa ushahidi dhidi ya mama yangu mzazi, huku natafuna mbegu za tikiti.

Wakati wa kuondoka zikaanza tena kelele za nani alipe. Wewe ulipaza sauti kuliko wote. Mimi nikafikiri, nimelala kwao, nimekula kwao, nina karakana yangu, kwa nini niwe mzigo? Huku Hankou mwenye nia ya kulipa hasemi. Nikazunguka nyuma, nikamtia Xiong Kipara noti mkononi. Akamwangalia Mzee Gan. Mzee Gan akafumbua jicho moja. Xiong akafumba kiganja, akaimba kwa sauti ya kufika sokoni, "Chai ya meza za mlangoni, amelipa Luo Peilan wa Hankou!"

Kisha wote mkasimama, mkatabasamu. Mzee Gan akasema, "Binti wa mjini, lakini anajua kumaliza jambo." Jingtang, mwanao, akanishika mikono miwili, machozi yanamlengalenga. Nikasema moyoni, chai tu hii!

Niko ndani ya meli, tumepita Chongqing, namsimulia mfanyabiashara mmoja wa pilipili safari yangu nzuri, naye akaacha kula. "Meza za mlangoni? Mzee anauliza maswali? Na wewe ukalipa yote? Dada yangu, hiyo ilikuwa chai ya shauri. Watu wenye ugomvi huenda kuusema mbele ya mtaa, na aliyekosa ndiye anayelipa chai ya wote. Umeshtakiwa, umeshindwa, na umewashukuru."

Baba mdogo, niambie kwamba mtu wa pilipili ni mwongo.

Mwanao,
Peilan


Shuanghe, 30 Mei 1936

Mwanangu Peilan,

Barua yako imenikuta katikati ya viwavi vya hariri, nyumba nzima inanuka majani ya mforosadi, na mama yako mdogo hatulii. Tumefurahi kujua mko wazima. Mashine tisa! Kaka yangu angekuwa hai angetembea na habari hiyo mtaa kwa mtaa. Mwambie Wenxiu kwamba kazi ya kupokea watoto ina heshima, ila asiwe mkali kwa wenye uchungu.

Mimi macho yananisumbua, la kushoto zaidi. Mvua imechelewa halafu imekuja yote kwa pamoja. Daraja la chini limechukuliwa. Mkwe wangu, mke wa Jingtang, anatarajia mtoto wa tatu mwezi wa kumi, na safari hii tumbo limekaa vingine, wanawake wanasema msichana. Mchungwa unazaa, lakini machungwa yake yamekuwa machachu. Mwambie shemeji kwamba hata mti hukumbuka.

Kuhusu lile ulilouliza. Mwanangu, chai ni maji na majani. Ulikaribishwa, ukanywa, ukalipa. Hakuna aliyekushika mkono. Kuhusu mimi, nilisema nalipa mimi, na nililisema kwa sauti iliyowaamsha bata wa jirani, muulize yeyote. Xiong Kipara amehudumu pale tangu ana nywele. Ikiwa alichukua zako akaacha zangu, ana sababu zake mwenyewe. Mimi siingilii kazi ya mtu.

Mtu wa pilipili simjui. Watu wa melini husema mengi.

Katika chumba cha shemeji tumeweka mpunga kwa muda, kwa sababu ya unyevu. Usimwambie, asije akawaza.

Mama yako mdogo anatuma nusu kilo ya chai changa ya mwaka huu, iliyochumwa kabla ya mvua. Usiitie maji yanayochemka sana.

Baba yako mdogo,
Shouchun


Hankou, 27 Juni 1936

Baba mdogo,

Chai imefika, asante. Tunaumwa joto tu. Mama mdogo apewe pole ya viwavi, na mkwe apewe salamu; Wenxiu anasema apunguze chumvi na asibebe maji. Pole kwa macho. Kuna daktari huku anayeyatazama vizuri, nauli ya kuja nitalipa mimi, na ninapolisema hili sina kelele.

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko inavyostahili. Nilikuuliza swali moja, ukanijibu habari za bata.

Nisikilize. Mimi nilianza na mashine moja ya kukodi, katika chumba ambacho nikinyoosha mikono nagusa kuta zote mbili. Nimefika hapa kwa sababu namjua mteja anayesema "naichukua" na anayesema "naichukua." Maneno ni yaleyale, miguu tofauti. Sasa nimeikumbuka asubuhi ile vizuri. Ulipopiga kelele kwamba unalipa, ulikuwa umekaa. Mkono wako wa kulia ulishika kikombe, wa kushoto ulishika kiko. Ulitaka kulipa kwa mkono upi?

Xiong Kipara aliyaona hayo. Aliniona nami nimesimama na noti mkononi. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Je, alichukua zangu kwa kuwa zilikuwa karibu? Au kwa kuwa alijua mimi ndiye niliyeshindwa? Na lile jicho moja la Mzee Gan, lilisema "chukua," au lilisema tu "nimeamka"? Siku nyingine naona mlinitega. Siku nyingine naona mlinitendea kama mtu mzima anayejua desturi za kwao, na aibu ni yangu kwa kutozijua. Naandika hesabu za soksi, najikuta nimeandika "Xiong."

Nikamwambia mama. Nisingeweza kuendelea kusingizia mto.

Nilitegemea alie. Mama akacheka, akacheka mpaka kikohozi kikamkamata, Wenxiu akaja mbio na maji. Alipopata pumzi akasema, "Kwa hiyo Shouchun kanywa chai ile mara ya pili!"

"Mara ya pili vipi, mama?"

"Mara ya kwanza alilipa yeye."

Akajiziba mdomo kama mtu aliyejimwagia uji. Nikambembeleza siku nzima. Mwishowe akaniambia kidogo. Kwamba baba yangu alipofariki, wewe ulidai nyumba, ukasema mjane ana binti tu na hana mrithi. Watu wakakaa kwenye meza za mlangoni. Mama hakuruhusiwa kuingia kwa kuwa ni mwanamke. Alisimama nje penye jiko la kuchemshia maji. Na chai ilipokwisha, wewe ndiye uliyelipa. Chai yote.

Nikamuuliza, kama ulishinda, kwa nini uliondoka? Akageukia ukutani. Akasema nikamtazamie kuku.

Basi, baba mdogo, na usinipe habari za mti. Miaka ishirini na tisa iliyopita, ulilipa au hukulipa? Na kama ulilipa, kwa nini mwezi wa nne hukunieleza kwamba shauri hili lilikwisha kuamuliwa zamani, na lilikuangukia wewe?

Huku serikali imekwisha kuandika kwamba binti hurithi. Sikulitaja hilo nilipokuja, kwa heshima. Nalitaja sasa kwa sababu heshima yangu imelipia watu ishirini na mmoja.

Peilan


Shuanghe, 12 Agosti 1936

Peilan,

Tuko wazima. Hariri imekuwa ya wastani.

Nimekawia kwa sababu nilikuwa naumwa, na pia kwa sababu sikutaka kuandika. Uongo wa kwanza naufuta kwa ukweli wa pili.

Umeuliza kama nililipa. Nililipa.

Sasa wewe ambaye unajua miguu ya wateja, sikiliza na miguu yangu. Siku ile wazee walikuwa hawajasema neno. Aliyekuwa anaongoza ni baba yake Mzee Gan, na alikuwa upande wangu, kila mtu alijua. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, nina mke, nina watoto wawili, tumelala chumba kimoja na kuku. Nilikuwa na haki kwa desturi ya wakati ule, usinisomee sheria ya leo. Nilikuwa nashinda, Peilan. Kikombe changu kilikuwa hakijafika nusu.

Nikatazama nje. Shemeji amesimama penye jiko, mvuke umemfunika. Wewe umesimama mbele yake, unanitazama mimi tu. Hukunitazama kwa chuki. Ulikuwa unanisubiri, kama siku zote nilipotoka pale na mbegu za tikiti mfukoni. Nikainuka. Sikupiga kelele, maana umesema mwenye nia hapigi kelele. Nikaenda nyuma nikalipa. Xiong, nywele zake nyeusi wakati huo, aliniuliza mara mbili, "Bwana Luo, una hakika? Bwana Luo?" Nikamwambia, "Imba." Akaimba jina langu.

Watu wakasema Shouchun amekubali kosa. Sikukubali kosa lolote. Nilikuwa nimemhurumia mke wa kaka yangu na mtoto wake. Na shemeji akanijibuje? Kabla ya mwezi kuisha alifunga mzigo, akakuchukua, akaenda zake bila kuniaga, akaacha funguo kwenye mlango. Nilikaa na nyumba tupu miaka kumi na mmoja. Nilitengeneza paa la chumba kisicho na mtu. Mama yako mdogo aliniita mjinga, na hakukosea. Jingtang alipooa ndipo tukaingia.

Kwa hiyo usinijie na "kwa nini hukunieleza." Ningeeleza nini? Kwamba mtu niliyemhurumia alinitemea huruma yangu?

Sasa chagua, wewe mwenye hesabu. Unasema ulilipa kwa adabu tu, hukukubali kushindwa. Vizuri. Basi na mimi nililipa kwa huruma tu, sikukubali kushindwa. Ukisema malipo yangu yalikuwa hukumu, basi na yako ni hukumu, na ya mwisho ndiyo inayobaki. Huwezi kula huku na huku. Mtaa umesikia majina yote mawili yakiimbwa kwa sauti ileile.

Kuhusu kama niliwaita watu siku ile kwa shauri au kwa kukukaribisha, hilo nimeliweka. Hata mimi mwenyewe kuna asubuhi nakumbuka hivi na kuna asubuhi nakumbuka vile.

Mpunga bado uko chumbani. Jingtang anataka kuvunja ukuta wa chumba hicho kabla mtoto hajazaliwa, apanue. Nimemwambia asubiri. Sijui nimemwambia asubiri nini.

Shouchun


Hankou, 10 Septemba 1936

Baba mdogo,

Barua hii nimeituma kwa ndege. Hatujambo, na tunatumaini macho yako yanaona mwandiko wangu. Nimeandika kwa herufi kubwa. Mwambie mama mdogo asiendelee kukuita mjinga. Wenxiu hayupo hapa, na sababu utaiona chini.

Fumbo lako limeniumiza kichwa. Nimelala nalo, nimeamka nalo, nimeharibu dazeni nzima ya soksi za watoto, visigino viko mbele. Nililichukia kwa kuwa lilionekana halina upenyo. Kisha juzi, nikiwa nahesabu mafungu ya nyuzi, nikauona.

Tuseme chai zote mbili zilikuwa hukumu. Ya kwanza ilimpa mama nyumba. Ya pili ilimnyang'anya nani? Mimi ndiye niliyelipa. Lakini mimi sikuwa na nyumba ya kushindwa. Nyumba ilikuwa ya mama, kwa hukumu ya kwanza, na mama siku hiyo alikuwa Hankou anakohoa. Hakualikwa, hakuulizwa, hakunywa. Mtu hashindwi kwa niaba ya mwingine kwa sababu tu ana noti mkononi. Basi nyumba ni yake.

Tuseme chai zote mbili zilikuwa wema tu, wako wa huruma na wangu wa adabu. Basi hakuna hukumu iliyowahi kutolewa, na nyumba iko pale ilipokuwa siku baba alipofumba macho: na mkewe ndani.

Nikipita huku natokea mlango uleule. Nikipita kule natokea mlango uleule. Iko njia moja tu isiyofika pale, nayo ni kwamba wewe hutaki. Hiyo haina hesabu. Siwezi kuipinga na siwezi kuielewa, na ndiyo maana nataka kuisikia kwa maneno yako, kama ipo.

Maana, baba mdogo, bado sijui wewe ni mtu gani. Nimesoma ile habari ya mvuke nikalia kama mjinga. Halafu nikaisoma tena nikakasirika: mtu aliyemwachia mjane nyumba anawezaje kumkalisha binti yake kwenye meza za mlangoni bila kumnong'oneza neno? Je, ulikuwa unalipiza? Au ulitaka mimi nilipe ili tuwe sawa, chai kwa chai, halafu unipe chumba mwenyewe kama zawadi? Hata hilo nimeliwaza. Nimewaza kila kitu. Wewe umesema umeliweka. Liweke basi, siliulizi tena.

Nilimsomea mama barua yako yote, hata pale unapomlaumu. Nilimsomea polepole. Nilipofika penye funguo akainua mkono nisimame.

"Yeye ndiye aliyesema alinihurumia?"

"Ndiyo, mama."

"Basi na aandike na hili," akasema, ingawa mwandishi ni mimi. "Nilikuwa nimejiandaa kushindwa. Nilikuwa na maneno yangu ya kushindwa, nimeyapanga. Akaenda nyuma akalipa, na watu wote wakageuka wakanitazama mimi. Kila asubuhi nilipochota maji walinitazama vilevile. Mtu akikulipia chai namna ile, utakaaje naye ukuta mmoja? Ungemwambiaje 'habari za asubuhi'? Nilikuwa na miaka thelathini na tisa. Nilikuwa na kiburi kuliko nyumba."

Nikamuuliza, "Na sasa, mama?"

"Sasa nimechoka kuwa mgeni," akasema. Akaanza kukunja nguo.

Baba mdogo, nilimkataza. Nilimwambia mpunga uko chumbani. Akasema atalala juu ya magunia, amelala pabaya zaidi. Nilimwambia watu watasema. Akasema siku hizi wanawake wanaketi ndani. Yeye ataketi, ataagiza chai yake mwenyewe, na atamwambia Mzee Gan atoe kijiti sikioni kwanza. Nilimwambia tungoje jibu lako. Akasema, "Jibu la Shouchun huchukua miaka ishirini na tisa. Mimi sina."

Leo asubuhi amepanda meli. Wenxiu amekwenda naye, ana dawa za kikohozi na mkoba wa ukunga, na akifika salama mkweo atakuwa na mtu wa kumpokelea mtoto bila kulipa. Nilisimama gatini. Mama hakupunga mkono; alikuwa anagombana na mpagazi kuhusu kuku wake, ambaye amekataa kumwacha. Wiki mbili hivi watakuwa Chongqing, na watafikia kwenye nyumba ya wageni ya mama Fu, karibu na gati ya Chaotianmen. Hapo watangoja. Anataka mwezi wa sikukuu ya katikati ya vuli umkute nyumbani, mwezi utakaokuwa mpevu tarehe thelathini.

Kutoka Chongqing hadi kwenu ni siku nne tano za machela kwa mtu wa umri wake. Sitaki abebwe siku zote hizo kwenda kwenye mlango uliofungwa, akasimama nje kwa mara ya pili, safari hii bila hata jiko la kumpa joto. Kama hatakiwi, Wenxiu atamgeuza pale pale Chongqing, atamdanganya kwa mara yake ya kwanza na ya mwisho kwamba barabara imekatika, nami nitabeba dhambi hiyo.

Ofisi ya simu za maandishi ipo makao ya wilaya. Mtume Jingtang, au nenda mwenyewe. Usiniletee mimi, nitakuwa mbali mno kusaidia. Peleka Chongqing, kwa mama Fu, kwa jina la Wenxiu. Sitaki habari za mvua, wala za viwavi, wala nani alistahili nini mwaka gani. Huna haja ya kusema ulikosea. Mimi pia sitasema.

Mpunga utatolewa au hautatolewa? Mama aje au asije?

Neno moja, baba mdogo, kabla jua halijatua tarehe ishirini na nne Septemba.

Peilan